Sauti Niliyoinasa Spika Zikiwa Kimya

Sehemu ya Saba

"Wewe ndiye Fundi Sikio?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita: mimi nimeshika bisibisi, mwanamke amesimama mlangoni mwa duka langu, na mimi bado sijainua kichwa.

Sauti ile niliijua. Ningeachaje kuijua? Nilikuwa nimeisikiliza mara arobaini na zaidi, nikiirudisha nyuma, nikiipeleka mbele, nikiisafisha mikwaruzo. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyevunja uchumba wa mdogo wangu.

"Ndiye mimi," nikasema. "Karibu, dada. Kuna kitu kimeharibika?"

"Kipo," akasema. "Jina langu."

Akaingia, akavuta kiti cha wateja, akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa makamo, gauni jeusi lisilo na ua hata moja, mikono mitupu, hakuna bangili, hakuna pete.

Kwa wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, tena kwenye gazeti la kuazima, nikupe kwa ufupi. Mdogo wangu wa kike anafundisha hesabu, na ukoo mzima tunamwita Mwalimu. Wazazi walipofariki alikuwa darasa la tano. Nikamlea mimi, nikisaidiana na Shangazi. Akaja kuchumbiwa na Mpima Ardhi, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi, ambaye baada ya harusi angemhamishia mji mwingine. Siku moja Mpima akaniletea kompyuta yake nimbadilishie kibodi. Kibodi nilimbadilishia. Nikamwekea na kitu ambacho hakukiagiza.

Kunasa sauti kimya kimya ndiyo kazi yangu ya halali, msinikodolee macho. Wanafunzi huniletea masomo yao ya mtandaoni niwanasie. Nikifungua spika za kompyuta nne kwa pamoja duka litageuka soko la samaki, kwa hiyo nazizima zote. Watu hudhani ukizima spika sauti imekufa. Haijafa. Inapita ndani kwa ndani, na programu inaichota humo humo kabla haijafika nje. Mimi huku naendelea kulehemu nyaya zangu. Jioni faili liko tayari, na mimi sijasikia hata neno moja la somo.

Kwa Mpima nilifanya vivyo hivyo. Kipaza sauti sikukigusa, kwa sababu kikifunguka alama nyekundu hutokea kwenye skrini na mwenyewe angeiona. Nikachukua tu kile kinachotoka ndani ya kompyuta. Aliporudi kuongezewa kumbukumbu, nikavuna.

Nilichovuna mnakijua. Sauti ya mwanamke, ikisema na kunyamaza, ikisema na kunyamaza:

"Umeshamwambia huyo Mwalimu wako kuhusu mimi? ... Unanionea aibu. ... Miaka yote hii nimekuwa siri yako. Mtoto anakuulizia kila siku, nimjibu nini? ... Basi oa. Lakini ipo siku atanijua."

Nikampa Shangazi. Nikamwambia nimetumiwa na namba nisiyoijua. Shangazi akampa Mwalimu. Mwalimu akaisikiliza mara moja tu, akamtumia Mpima pamoja na maneno matatu, "Usinitafute tena hapa," akaifungia namba yake. Naam, ni maneno matatu. Anafundisha hesabu, hakosei kuhesabu. Mpima alipokuja nyumbani, Shangazi alimfungia mlango kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeubana mdomo wangu.

Tangu siku hiyo zilikuwa zimepita siku tisa. Sasa mwenye sauti alikuwa amekaa mbele yangu.

"Sijui unazungumzia nini," nikamwambia.

Akatoa simu, akaiweka mezani katikati ya skrubu zangu, akabonyeza. Ikaanza: *Umeshamwambia huyo Mwalimu wako...*

"Umeipata wapi?" Ulimi wangu ulinitangulia.

"Kwa msusi wangu. Yeye ameipata kwa mteja wake. Mteja ameipata kwa shangazi wa bibi harusi."

Shangazi wangu! Ukimpa siri asubuhi, adhuhuri utaikuta sokoni inauzwa kwa mafungu.

Nilipoona sina pa kupita, nikaamua kupandisha mabega. Mwenye hatia akibanwa hutafuta wa kumkaripia.

"Sawa," nikasema. "Na wewe ungekuwa na haya usingekuja hapa. Mdogo wangu alikaribia kuolewa na mume wa mtu, na mwenye mume ni wewe! Ulikuwa wapi kujitokeza?"

"Mume wa nani?"

"Wako! Mpima Ardhi!"

Akanitazama, kisha akacheka. Si kicheko cha furaha, lakini alicheka mpaka akajifuta macho.

"Baba, mimi mume wangu yuko nyumbani, ana kitambi na ana miaka hamsini na mbili. Mpima Ardhi ni mteja wangu."

"Mteja wa nini?"

"Subiri. Kwanza nikuonyeshe nilivyokujua." Akairudisha sauti mwanzo. "Sikiliza kimya kilichopo kati ya maneno. Hapa, sekunde tisa. Hapa, kumi na mbili. Kwenye vimya hivyo Mpima alikuwa anaongea, na sauti yake haipo. Mtu aliyeweka simu chumbani angetunasa wote wawili. Huyu amenasa upande wa ndani wa kompyuta tu. Mimi nafanya kazi kwenye simu za video mwaka wa tisa sasa, najua. Nikamuuliza Mpima, kompyuta yako ilishikwa na nani? Akaniambia, na mtu mmoja tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale kwenye kiti cha wateja.

Mwanamke akasimama, akarudi nyuma hatua mbili mpaka kwenye mwanga wa mlango.

"Sasa nitazame. Usinisikilize, nitazame."

Akafunga mdomo. Mikono yake ikaanza kwenda. Ilipanda, ikashuka, kidole kikagusa kifua, kiganja kikapita usoni kama mtu anayejificha, kisha kikapima kimo cha mtoto mdogo kutoka sakafuni. Uso wake wote uliingia kwenye maneno yale. Nilimwona anaudhika, nilimwona anaumia, na hakuna sauti iliyotoka. Nikaelewa kwa nini gauni lilikuwa jeusi na vidole vitupu: mikono ilikuwa inaonekana vizuri mno.

"Hayo ndiyo maneno uliyoyarekodi," akasema. "Mikono ilikuwa ya mdogo wake Mpima. Mdomo ndio ulikuwa wangu. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama."

"Mdogo wake? Lakini... wewe ulisema 'mimi'. Ulisema 'siri yako'."

"Ndiyo kazi yetu ilivyo. Kiziwi akisema 'mimi', na sisi tunasema 'mimi'. Nikianza kusema 'anasema kwamba, anasema kwamba', nimeshamfukuza kwenye mazungumzo yake mwenyewe. Aliyeuliza 'umemwambia kuhusu mimi' ni mdogo wake. Fundi cherehani, ana mke, ana mtoto wa miaka minne anayemuulizia baba yake mkubwa kila siku."

"Mpima alituambia ni mtoto wa pekee!"

"Alidanganya. Na siku alipokuja kujitambulisha kwenu, aliulizwa nini?"

Nilikumbuka, na nilitamani ningesahau. Shangazi alimuuliza, glasi ya maji ya kumkaribishia ikiwa bado mkononi mwake: "Kwenu hakuna bubu, hakuna kifafa, hakuna mambo ya kurithi?" Mpima aliitazama ile glasi, akasema hakuna.

"Uchumba wake wa kwanza ulivunjwa kwa sababu hiyo hiyo," Mkalimani akasema. "Kwenye huu wa pili akaogopa kusema. Sikusema amefanya vizuri. Hata alama zenyewe hakujifunza, anajua 'njoo', 'kula' na 'lala', ndiyo maana ananihitaji mimi ili aongee na mtu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Ana makosa yake. Lakini mke hana."

Nikakaa. Wasomaji wangu, mnaoniandikia mkinitukana, leo nawapa ruhusa, tukaneni. Mimi mwenyewe nilijitukana. Mtu anayejiita Fundi Sikio alinasa sauti safi isiyo na mkwaruzo, akasahau kwamba kulikuwa na picha. Nilichukua nusu ya mazungumzo nikaenda kuhukumu mtu mzima.

Na niwaambie jambo ambalo sikumwambia yule mama. Sikumwekea Mpima programu kwa sababu nilimshuku. Nilimwekea kwa sababu alikuwa anaondoka na mdogo wangu. Nyumba ingebaki na mimi na Shangazi na redio. Nilikuwa nasubiri nimkute na kosa, na mtu anayetafuta kosa kwa hamu namna ile hakosi kulipata.

"Unataka nini?" nikamuuliza. "Nifute?"

"Ufute nini na iko kwenye simu za watu? Sisi tumekula kiapo, Fundi. Ninachosikia kwa kiziwi nakwenda nacho kaburini. Leo asubuhi mama mmoja kiziwi ninayempeleka kliniki miaka mitano amekataa kuingia na mimi kwa daktari. Ameniambia mdomo wangu unavuja. Saa tisa naitwa ofisini kujieleza, na nitawaeleza ukweli, na jina lako litatajwa. Nimekuja kukupa nafasi moja. Mpima anaamini ninyi wawili mlishirikiana, wewe na dada yako, mkamtega. Dada yako anaamini Mpima ana mke. Nenda kawaambie. Asikie kwako kabla hajasikia mitaani."

Nikatazama saa. Saa sita na robo.

"Nikimwambia, hatanisamehe."

"Huenda," akasema. Akachukua simu yake, akaondoka. Hakuniaga, na sikustahili kuagwa.

Nikafunga duka. Sijafika hata kona ya pili, simu ikalia. Shangazi.

"Mwanangu, uko wapi? Nimempata mwingine! Ana duka la vifaa vya ujenzi, hana ndugu, hana rafiki, mtu wa kutulia kabisa!"

"Shangazi, ile sauti ifute."

"Ipi?"

"Ya yule mwanamke. Si mke wa Mpima. Tumekosea."

"Tumekosea na nani? Mimi nilipewa na wewe, na wewe ulipewa na namba usiyoijua. Kwani hiyo namba imepiga tena?"

Nikaongeza mwendo.

"Haya, nitafuta," akasema. "Lakini nimeiweka kwenye kundi la kina mama wa mtaa, na kundi la ukoo, na lile la wapishi wa harusi. Hilo la wapishi ilibidi, walitaka kujua kwa nini tumewakatalia."

Nikakata simu. Ya Shangazi yangenichelewesha mpaka kesho.

Shule ilikuwa kwenye mapumziko ya mchana. Nilimkuta Mwalimu kwenye ofisi ya walimu, amezungukwa na madaftari ya mraba, kalamu nyekundu mkononi. Walimu wengine wawili walikuwa mwisho wa chumba wanakula. Aliponiona alisimama ghafla.

"Kaka! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaa. Kaa, mdogo wangu." Nikavuta kiti, nikakaa upande wake wa kulia. "Mpima hana mke."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nawaapia: mkalimani, mikono, mdogo wake fundi cherehani, swali la Shangazi na glasi ya maji. Nilipofika kwenye "akisema mimi, na sisi tunasema mimi," alijifunika uso kwa viganja vyake vyote viwili.

"Nilimfungia namba," akasema. "Hata kumuuliza sikumuuliza. Watoto wa darasa la saba nawaambia kila siku, usinipe jibu bila njia. Mimi mwenyewe nimempa mtu jibu bila njia!"

"Hukujua."

"Umejuaje wewe?"

"Yule mkalimani amekuja dukani."

"Kwako? Kwa nini kwako?"

"Alikuwa anamtafuta aliyerekodi."

"Na ni nani?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, wasomaji. Wazi kabisa. Maneno mawili tu yalitosha: ni mimi. Niliyaandaa njia nzima, nilikuwa nayo mdomoni.

"Hajajulikana," nikasema.

Mdogo wangu akanikumbatia. Mbele ya walimu wenzake, kalamu nyekundu ikinichora begani, akanikumbatia na kulia.

"Ahsante, kaka. Ungeweza kunyamaza ukaniacha nibaki hapa nikupikie. Wewe si kaka, wewe ni baba yangu."

Ningefurahi zaidi kama angenipiga kofi. Kila neno la shukrani lilikuwa linanichoma, na bado sikufungua mdomo.

Akachukua simu, akaifungua ile namba, akapiga simu ya video. Akaiegemeza simu kwenye rundo la madaftari, upande wake wa kushoto, ili mikono yake iwe huru kujifuta machozi. Ikaita mara moja. Mara ya pili. Mara ya tano ikapokelewa.

Mpima Ardhi alikuwa amekonda. Nyuma yake kulionekana cherehani na nguo zilizotundikwa, na kijana mwenye futi ya kupimia shingoni. Walifanana kama shilingi kwa ya pili.

"Mwalimu," Mpima akasema.

"Nimejua," Mwalimu akasema, akiinamia simu. "Nimejua kuhusu mdogo wako. Nisamehe. Sikukuuliza."

"Na mimi sikukwambia. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Nilimkana ndugu yangu wa damu mbele ya watu wenu, na aliponiuliza nilikosa hata alama ya kumwombea radhi." Akageuka akamtazama mdogo wake, kisha akarudi. "Lakini kuna jingine, na hilo halinitoki moyoni. Ungetaka kujua siri zangu ungeniuliza, Mwalimu. Si kumtuma kaka yako aniwekee mtego kwenye kompyuta."

"Kumtuma kaka yangu wapi?"

Mpima alikuwa ameniona nyuma ya bega la mdogo wangu.

Mwalimu akageuka polepole. Alinitazama kama anavyotazama daftari ambalo majibu yote ni sahihi na mwenye daftari hajui kujumlisha.

"Kaka. Anasema nini huyu?"

Mwisho wa chumba walimu wawili waliacha kutafuna.

"Ni mimi," nikasema. "Peke yangu. Hakunituma, Mpima. Hakujua lolote."

"Na ile namba usiyoijua?"

"Hakuna namba."

"Siku alipokuja nyumbani, ulisema uko dukani."

"Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Na sasa hivi nimekukumbatia hapa. Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliifunika kalamu kifuniko chake, akaiweka sawa na ukingo wa meza, kama mtu anayetafuta kitu kimoja duniani cha kukinyoosha.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naogopa kubaki." Maneno yalitoka vibaya lakini yalitoka. "Toka ukiwa darasa la tano nimekuwa na kazi moja, kukulea wewe. Akija mtu akakuchukua, mimi nabaki nani? Nilitaka awe mbaya. Sikutaka kuhakikisha, nilitaka tu awe mbaya."

Kwenye simu Mpima aliinamisha macho. Yule kijana wa cherehani alimgusa bega, akauliza kwa uso kuna nini, na Mpima akashindwa kumjibu kwa sababu hakuwa na alama ya jambo lile.

Ningemaliza hapo, labda ningesamehewa. Lakini mdogo wangu anafundisha hesabu, na hesabu haiachwi katikati. Macho yake yakahama kutoka kwangu yakaenda kwenye kompyuta yake iliyokuwa imefunguka mezani.

"Hii uliniwekea programu mwaka huu," akasema. "Ukaniambia ni ya kuzuia virusi."

Nikatazama sakafu.

"Kaka!"

"Nilianza na hiyo," nikasema. "Nilitaka kusikia Mpima anachokwambia. Nikasikiliza mafaili sita, sikupata kitu, nikahamia kwenye ya kwake. Sijagusa tena. Nilisahau kuitoa."

"Kwa hiyo imeendelea kunasa?"

"Imeendelea."

"Nionyeshe."

Akaisukuma kompyuta mbele yangu. Nikafungua pale nilipopaficha. Mafaili yalikuwa thelathini na moja, yamepangana kwa tarehe, la mwisho la wiki mbili zilizopita. Niliyoyasikiliza ni yale sita ya chini kabisa. Mengine hata mimi nilikuwa nayaona kwa mara ya kwanza.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Futa. Futa yote."

Sikilizeni upumbavu wangu. Angekuwa mtu mwenye akili, angefuta. Mimi nilikuwa bado najitetea. Nilitaka aone kwamba sikumdhuru, kwamba ni takataka tupu, masomo na nyimbo na vikao vya walimu. Nilitaka angalau kosa moja kati ya makosa yangu liwe dogo.

"Hakuna la aibu humu, mdogo wangu," nikasema. "Mambo ya kawaida tu. Sikia mwenyewe."

Nikapandisha spika mpaka mwisho. Tangu nianze mchezo huu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziacha ziseme. Nikabonyeza faili la juu kabisa.

Sauti ya mwanaume mtu mzima ikajaa ofisi ya walimu:

"...basi, Mwalimu, sitakuficha. Sikio la kushoto limekwisha, hilo tusiliwekee matumaini. La kulia nalo vipimo vyake si vizuri. Tukibahatika, miaka miwili. Uliniuliza kama ni la kurithi. Kwa aina hii, ndiyo, ni la kurithi. Mchumba wako umeshamwambia?"

Kikaja kimya. Mnajua sasa kimya kile ni nini. Ni mahali ambapo mdogo wangu alijibu, na programu yangu haikumnasa.

"Haya," daktari akaendelea. "Uamuzi ni wako. Ila huwezi kumficha mtu utakayeishi naye..."

Mkono wa Mwalimu ulikuja juu ya kompyuta, ukaifunga kwa kishindo. Alikuwa anahema. Walimu wawili walikuwa wamesimama. Mimi nilikuwa nataka kusema nisamehe, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha thamani kwa siku ile moja.

Kisha tukakumbuka, mimi na yeye, wote kwa pamoja, kwamba simu ilikuwa bado hewani.

Kwenye rundo la madaftari, Mpima Ardhi alikuwa amesogea karibu na kioo. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyepigwa na bado hajajua ni wapi. Akafungua mdomo, akauliza kwa sauti ya chini, ya upole, sauti ambayo mchumba humuulizia mchumba wake:

"Mwalimu, siku shangazi yako aliponiuliza lile swali, wewe ulikuwa unajua?"

Mdogo wangu alikuwa amenigeukia mimi, simu iko kushoto kwake. Aliona midomo yangu imebaki wazi. Aliona walimu wenzake wanamsubiri ajibu. Alinitazama, akatazama simu, akanitazama tena, na macho yake yakajaa woga ambao sijawahi kuuona kwake tangu siku tulipowazika wazazi wetu.

"Kaka," akaninong'oneza, "amesema nini?"